Nani Amelisha

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nusura uharibiwe na herufi moja. Wala si herufi ngumu. Ni a, ile inayokaa mbele ya kitenzi, tunayoitumia kutwa kucha bila kuitazama usoni.

Nilikuwa nasomea zuolojia, elimu ya wanyama, ambayo nyumbani kwetu wageni waliambiwa ni udaktari wa mifugo kwa sababu hiyo angalau ilisikika kama kazi. Nilishachoka kubisha. Wenzangu darasani walichagua wanyama wenye heshima zao: nyani, viboko, popo. Mimi nilichagua chozi, kindege mwenye mdomo mrefu uliopinda, mwepesi kuliko funguo zangu za bwenini. Sababu yangu haikuwa ya kisayansi hata kidogo. Chozi hujenga popote penye kitu cha kuning'inia, na chuo chetu kilijaa nyaya. Sikuhitaji hema wala gari. Mtafiti mvivu alikuwa amepata ndege wa saizi yake.

Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka. Dume na jike wa chozi hawa wote wawili hulisha makinda yao. Nilitaka kujua ni nani hulisha zaidi, na kama mgao huo hubadilika makinda wanapokua. Kuwachanganya hao wawili ni vigumu. Dume hung'aa kijani na zambarau, jike amevaa kijivu chake cha kazi, na mtu mwenye macho mazima anaweza kuwatofautisha akiwa upande wa pili wa ua.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, anayevaa raba hata siku ya mahafali. Mbele yake tulimwita Daktari. Nyuma yake tulimwita Ushahidi, na nadhani alijua. Ukimwambia nje mvua inanyesha, kwanza alitazama mabega yako. Alilipenda swali langu. Alisema swali dogo likijibiwa vizuri ni bora kuliko swali kubwa lililopapaswa.

Mwanzoni nilikuwa na viota kadhaa palepale chuoni, kimoja kwenye taa ya maktaba, kingine kwenye waya wa kengele ya bwalo, vingine nyuma ya mabweni. Kisha ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja. Mgeni rasmi akija tunajua kinachofuata: mawe hupakwa chokaa, nyasi hunyolewa, na kila kinachoning'inia hushushwa. Kiota cha chozi, tuseme ukweli, kinafanana na takataka zilizonaswa kwenye utando wa buibui. Ndiyo kinga yake. Mbele ya nyoka huenda kinga hiyo ikafaa, lakini mbele ya ufagio wenye mpini mrefu haikufua dafu. Nilirudi kutoka kwenye mhadhara nikakuta maktaba inang'aa na utafiti wangu uko ndani ya toroli la taka.

Nililia kidogo chooni, nikanawa uso, kisha nikakumbuka kwamba nyumbani kwetu, kwenye waya wa kuanikia nguo nyuma ya jiko, kulikuwa na kiota ambacho hakuna mgeni rasmi angekifikia.

"Kimoja kinatosha kwa shahada ya kwanza," Ushahidi alisema nilipompelekea habari. "Ila kiangaliwe sawasawa. Hicho kikienda vibaya huna kingine, na itabidi urudie mwaka."

Nyumbani alikuwepo baba. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu mpaka mgongo ulipomgomea, daktari akampiga marufuku usukani. Mama ni nesi, na zamu zake hazina huruma. Kwa hiyo tangu mgongo ule, nyumba yetu ilikuwa ikiendeshwa na mtu asiyetajwa. Chakula "kipo". Nguo "zimefuliwa". Sakafu "imepigwa deki, angalieni msiteleze". Aliyepika ni baba, aliyefua ni baba, na mwenye kupiga deki kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiuno ni baba, lakini ukimsikiliza ungedhani tuna nyumba inayojihudumia yenyewe.

Sababu ilikuwa shangazi, dada yake mkubwa. Miaka ya nyuma alifika bila kupiga hodi akamkuta baba ameshika mwiko. Kwa shangazi, mwanamume jikoni maana yake mke ameshindwa kazi. Hakumsema baba, ila alimnunia mama. Alipokea salamu zake kwa midomo ya juu juu, msibani na harusini, na mama hakuwahi kujua amekosa nini hadi tulipomweleza. Basi baba akaamua kwamba kuanzia hapo hakuna mwiko utakaoonekana. Shangazi akipiga simu na kuuliza nani amepika, jibu lilikuwa, "Tumeshakula, dada." Sote tulilijua jibu hilo. Mimi lilikuwa linanikera, kwa sababu chakula cha baba kilikuwa kitamu na aibu yake ilikuwa ya bure, lakini nani atamwambia.

Nikampa baba kazi. Mimi nililala bwenini na nilikuwa na vipindi kila asubuhi, yeye kutwa alikuwa uani. Nikamnunulia kigoda chenye mgongo, nikamwonyesha mahali pa kukaa asiwatishe, nikamwelekeza atumie simu. "Kila anapokuja, sema. Akilisha, sema. Akiondoka, sema. Halafu nitumie."

Baba aliipokea kazi ile kwa moyo mmoja. Alihamishia nguo zote kwenye ua wa mbele ili waya ubaki wa ndege peke yao. Jumbe zake za sauti zilifika asubuhi nzima, na nilizisikiliza kwenye korido nikiwa nasubiri mihadhara. Sauti yake nzito ya barabarani, sasa ameishusha kwa adabu: "Amekuja. Amelisha. Ameondoka." Baada ya muda, "Amekuja tena. Amelisha. Ameondoka." Nilijaza jedwali langu. Nikachora grafu, ikapanda vizuri kadiri makinda walivyokua, nami nikaanza kutembea pale chuoni kama mtu mwenye jambo lake. Makinda wakaota manyoya, wakaruka, kiota kikabaki kitupu. Nikabisha hodi ofisini kwa Ushahidi nikiwa na grafu mkononi.

Aliitazama kwa muda. "Hizi ni ziara zote kwa pamoja," alisema. "Nani amelisha?"

"Wazazi, Daktari."

"Mzazi yupi?"

Nikamwekea ujumbe mmoja wa baba ausikie. Amekuja, amelisha, ameondoka. Akaomba wa pili. Akaomba wa tatu, akavua miwani.

"Hii a ya mbele," aliniuliza taratibu, bila ukali wowote, "ni ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Msimu mzima sauti ya baba ilikuwa imeniambia kila kitu isipokuwa jambo moja nililokuwa nalitafuta. Na nisingeweza kumlaumu. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe: anapokuja, akilisha, akiondoka. Kila nilipozisikiliza zile jumbe nilimwona ndege kichwani, mara anang'aa, mara wa kijivu, nikadhani nimeambiwa. Kumbe nilikuwa najiambia mwenyewe.

Nilimpigia baba palepale kwenye korido.

"Baba, wale waliokuwa wanalisha walikuwa nani?"

"Wazazi wao," alisema, kidogo akishangaa.

"Dume au jike?"

"Wote. Mara huyu, mara yule." Kisha akauliza, "Kwani ilitakiwa nimtaje?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukusema, mwanangu? Nilikuwa nawaona vizuri tu." Sauti yake ilinyong'onyea. "Ngoja nikae nikumbuke. Asubuhi nadhani zaidi alikuwa..."

Nilimwambia aache. Nilishajua Ushahidi angesema nini, na alisema hivyohivyo: kumbukumbu ya mtu anayekupenda si data, kwa sababu itakukumbukia unachokitaka. Tukalifuta jedwali lote. Nilifuta mwenyewe, yeye amesimama pembeni, na alipoona mkono wangu unasita kwenye kitufe hakunihimiza.

Kilichoniokoa ni uvivu wa chozi wenyewe. Badala ya kujenga upya, walikarabati kiota kilekile, na kabla muhula haujafika katikati jike alikuwa amelalia tena. Ushahidi aliweka masharti mawili. Mlishaji atajwe kila mara, na simu iachwe ikirekodi asubuhi yote mfululizo, ili kila neno liwe na sauti ya makinda nyuma yake. Makinda wa chozi wakilishwa hupiga ukelele mwembamba, tsii-tsii-tsii, ambao huwezi kuusingizia. Neno bila ukelele halihesabiki. Na hakutakuwa na mara ya tatu, kwa sababu baada ya hapo ni kukabidhi kazi.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kumfundisha baba upya.

"Sema dume, au sema jike," nilimwambia.

Baba alikunja uso. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Hawa ni watu wazima na familia yao. Wananiona hapa kila siku, nawaona. Nianze kuwaita dume, jike, kama niko mnadani?" Alitikisa kichwa. "Nitasema baba, nitasema mama. Mwalimu wako atakataa?"

Hakukataa. Nikashika njia kurudi chuoni, nikaanza kupokea rekodi ndefu kila mchana. Nilijichomeka spika za masikioni, nikaketi kona ya maabara kati ya mifupa ya punda na jokofu linalonguruma, nikasikiliza asubuhi za nyumbani kwetu. Bomba linafunguliwa. Ufagio unapita. Sufuria inafunikwa. Halafu mbawa, tsii-tsii-tsii, na sauti ya baba: "Baba amekuja. Baba amelisha. Baba ameondoka." Mara nyingine, "Mama amekuja," kwa sauti ya heshima zaidi. Jedwali likaanza kujaa tena, safari hii likiwa na safu mbili. Siwezi kueleza utulivu wa siku zile. Moyo wangu ulikuwa mkononi na bado nilikuwa na raha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi baba anavyofanya kazi. Hakupumzika. Kati ya ziara na ziara kulikuwa na kitu kinachomenywa, kinachosuguliwa au kinachokamuliwa.

Kisha shangazi akaja kwa ajili ya kliniki ya macho, na akapangiwa kurudi tena baada ya siku chache, kwa hiyo akabaki.

Rekodi ya siku ya kwanza ilikuwa mnong'ono mtupu. Ya siku ya pili niliambulia ukelele wa makinda bila neno hata moja. Nikapiga simu.

"Baba, sauti haisikiki."

"Shangazi yako yupo," alisema chini chini.

"Najua. Lakini makinda wanakaribia kuruka. Siku hizi za mwisho ndizo swali lenyewe."

"Anakaa palepale uani na mimi. Nitaongeaje na ndege mbele yake? Atasema mgongo umepanda kichwani." Nikasikia kitu kinatokota nyuma yake. "Subiri, chai inataka... chai iko jikoni."

Sikutaka kumlilia, ila sauti ilinisaliti. "Baba, hizi nazo zikipotea, narudia mwaka."

"Nimekusikia, mwanangu," akasema, akakata.

Rekodi iliyofuata ilifika mchana wa kesho yake. Niliifungua maabarani kalamu ikiwa mkononi. Ukimya kwanza, ndege wa mbali, kigoda kinalia. Halafu mbawa na ukelele, na sauti ya baba, kavu, wazi, ile ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Baba amekuja. Baba amelisha. Baba ameondoka."

"Unaongea na nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi.

"Nafanya kazi ya binti yako, dada. Kaa tu."

"Baba gani huyo?"

"Yule anayemetameta pale kwenye waya."

Shangazi akacheka kidogo. "Na mama yao yuko wapi?"

"Ameenda kutafuta. Atakuja sasa hivi."

Na kweli alikuja. Mama amekuja, mama amelisha. Nikaweka alama upande wa mama. Wakaendelea hivyo, baba akitaja, shangazi akiguna, na baada ya muda nikamsikia shangazi mwenyewe akisema, "Huyo hapo, baba yao karudi," kabla baba hajawahi. Nilitabasamu peke yangu kama chizi. Nilikuwa naweka alama bila kufikiri sasa, mkono unafuata sikio.

"Baba," alisema baba. "Baba amelisha."

Nikaweka alama upande wa baba. Halafu mkono ukasimama. Hapakuwa na mbawa wala ukelele, na baba hakusema amekuja. Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti.

Kijiko kilikuwa kinagonga sahani. Shangazi alikuwa anakula, ilisikika katika maneno yake. "Wifi amepika saa ngapi chakula hiki," alisema, "na nilimwona ametoka alfajiri na sare yake? Jana hivyohivyo. Nani anawalisha ninyi humu ndani?"

Nililisubiri lile jibu letu. Tumeshakula, dada. Chakula kipo. Lilikuwa na nafasi yake kabisa, ukimya mrefu tu uliokuwa ukilingoja, na bomba linadondosha maji taratibu.

"Baba," alisema baba. "Baba amelisha."

Kijiko kikaacha kugonga.

"Tangu lini?" shangazi aliuliza.

"Tangu mgongo."

"Na siku ile ya mwiko?"

"Nilikuwa napika. Mke wangu hakuwa ameshindwa kazi yoyote, alikuwa zamu."

Nilizibana zile spika masikioni kwa vidole vyote viwili.

"Kwa hiyo nimemnunia wifi yangu miaka yote hii bure," shangazi alisema mwishowe.

"Bure, dada."

"Na wewe ukaniangalia tu."

"Nilikuwa naona aibu."

Nikasikia sahani inasukumwa mezani. Nilijua kinachofuata, ananyanyuka, anafunga mkoba wake, anaondoka na hatutamwona mwaka mzima. "Niongeze hiyo mboga," shangazi alisema. "Chumvi umeizidisha kidogo, lakini niongeze."

"Nyamaza kwanza," alisema baba. "Mama anakuja." Mbawa, tsii-tsii-tsii. "Mama amekuja. Mama amelisha. Mama ameondoka."

Nilizima rekodi, nikaweka kichwa mezani kati ya mifupa ya punda, nikalia. Mtunza maabara alipita, akanisogezea karatasi za kufutia darubini, akaendelea na shughuli zake. Sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa najivunia baba yangu kiasi cha kukosa pa kuweka. Nilipotulia, nikaifuta ile alama, kwa sababu neno bila ukelele halihesabiki, nikaendelea hadi mwisho wa rekodi.

Makinda waliruka siku tatu baadaye. Mgao ulikuwa umebadilika, tena bila kutia chumvi: kadiri makinda walivyokua ndivyo dume alivyozidi kulisha, hadi siku za mwisho akawa amempita jike. Ni kiota kimoja tu, hakithibitishi chochote kuhusu chozi wote duniani, na niliandika hivyo. Lakini kila a ilikuwa na mwenyewe.

Kabla ya kusaini, Ushahidi alifanya kawaida yake. Alichagua rekodi moja bila kuniambia, akavaa spika zake, akasikiliza saa nzima huku akifuata jedwali langu kwa ncha ya penseli. Nilikaa mbele yake nikitazama raba zake chini ya meza. Nilipoona penseli imesimama nilijua alipofika. Alirudisha nyuma mara mbili, kama nilivyofanya mimi. Kisha akaacha iendelee hadi mwisho.

Alivua spika. "Hapa umeondoa tukio moja," alisema. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Hakuna ukelele, Daktari."

"Nimesikia. Umefanya sawa. Lakini huwezi kuondoa tukio kimya kimya, lazima useme sababu." Akanigeuzia ukurasa, akaniwekea kidole chini ya jedwali, mahali pa maelezo madogo, akanipa penseli yake. "Andika ni nani aliyelisha."

Nikaandika: *Tukio moja limeondolewa. Aliyelisha ni baba wa mtafiti.*

Akasoma, akasaini.